Msitu kwa Jina la Mama

Mjini, 4 Februari

Mdogo wangu Kimya,

Kaa chini kwanza. Mwite na wifi yangu aje asikilize, maana habari hii siirudii.

Nimeuchukua msitu. Sijaununua, usicheke. Mhariri wa vitabu vya shule anayeishi ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake imegeuzwa stoo ya mafagio, hanunui msitu. Nimeufadhili. Kuna shirika la hifadhi linalotafuta watu wa kulea vipande vya msitu ili visikatwe, miti ibaki imesimama na hewa ukaa ibaki imefungwa ndani ya mbao na udongo badala ya kupanda angani kuja kutuchoma. Walinitandazia ramani mezani wakaniambia nichague kitalu. Nikaweka kidole palepale, juu ya kijito, Mama alipokuwa akitundika mizinga yake ya nyuki. Afisa akauliza, kwa jina la nani? Nikamwambia jina la mama yangu, na uliandike kwa herufi kubwa.

Cheti kimeshafika. Kipo ukutani mbele ya meza yangu ninapoandika haya.

Unajua nilivyopiga kelele miaka yote gazetini, mpaka wakaona nafasi yangu itawafaa zaidi wakiijaza matangazo ya magodoro. Niliwaandika wenye misumeno, niliwaandika wakubwa wanaosaini vibali huku wameangalia pembeni. Hakuna gogo hata moja lililorudi kusimama. Safari hii nimetenda. Mle haingii mtu na panga tena. Haingii! Baba amelala nyuma ya nyumba, Mama amelala ubavuni mwake, na mlimani juu yao upo msitu wenye jina. Sikufika kumzika, barabara ilikuwa imekatika. Basi hili ndilo koleo langu la udongo.

Andika. Na usiniletee mistari mitatu kama maelezo ya polisi.

Dada yako,
Kiberiti


Nyumbani, 27 Februari

Dada, shikamoo.

Barua tumeipata kwa mkono wa dereva wa zahanati. Simu huku siku hizi hazishiki. Wifi yako anakusalimu. Mbuzi amezaa.

Tumefurahi. Mama angecheka sana kusikia jina lake linaning'inia ukutani mjini.

Askari wa msitu wamekuja. Wamechimbia nguzo zenye vichwa vyekundu kuanzia barabarani hadi kijitoni, na kila mti mkubwa wameupigilia kibati chenye namba. Ni watu wastaarabu. Wamesema kuvuka nguzo ni kosa.

Nilitaka kuuliza tu. Hao watu wako wamesema lolote kuhusu mtu mwenye shughuli zake humo ndani? Nina mizinga kule juu. Na kuna mambo mengine madogo ya nyumbani. Ni kuuliza tu, usikasirike.

Mdogo wako


Mjini, 15 Machi

Kimya,

Sijakasirika. Nimechoka, na ni vitu viwili tofauti.

Mizinga ihamishe. Nyuki wana mabawa, hawahitaji kibali cha kuvuka nguzo, wataenda maua yalipo na kurudi utakapowawekea nyumba. Unajua kila msitu uliokwisha katika nchi hii ulianza kwisha namna gani? Ulianza na mtu mmoja mwema mwenye shughuli zake ndogo. Leo mizinga, kesho fito za kujengea banda, keshokutwa binamu ana lori. Mimi siwezi kusimama mbele ya watu nikadai msitu ufungwe kwa wote isipokuwa kwa mdogo wangu. Wataniambia nini? Wataniambia nimekuwa kama wale niliokuwa nawaandika. Na watakuwa sahihi.

Hayo "mambo madogo ya nyumbani" sijui ni yapi na wala husemi. Kama una hoja, itoe tuibishie. Kama huna, nisaidie kulinda.

Uliona sawa jinsi walivyoandika jina la Mama kwenye kibao walichoahidi kukisimika hapo kwenye nguzo? Niambie kama wamekosea hata herufi moja, nitawapandia mpaka ofisini.

Dada yako


Nyumbani, 9 Aprili

Dada, shikamoo.

Jina wameandika sawa.

Ndiyo, Dada. Nimekuelewa.

Mdogo wako


Ofisi ya Walezi wa Msitu, 2 Juni

Mpendwa Mlezi,

Pokea salamu za kijani kutoka kwetu sote!

Tunayo furaha kukuletea picha ya kwanza ya kitalu chako, iliyopigwa kutoka angani. Utaona jinsi miti yako inavyoendelea kuhifadhi hewa ukaa kwa ajili ya kizazi hiki na vijavyo.

Kwa uwazi, tunakujulisha pia kwamba upande wa juu wa kijito pameonekana doa la ardhi iliyofyekwa, takriban ukubwa wa chumba, na siku ya picha palikuwa na moshi mwembamba. Tafadhali usifadhaike. Kawaida yetu ni kuanza na elimu kwa jamii. Maoni yako ni muhimu kwetu.

Wako katika uhifadhi,
Afisa Uhusiano wa Walezi


Mjini, 5 Juni

Kwa Afisa Uhusiano,

Mmeniambia nisifadhaike. Nimefadhaika.

Elimu kwa jamii ndiyo nini? Mtu aliyebeba panga na moto akavuka nguzo nyekundu ana elimu ya kutosha, kwani nguzo aliiona, akaijua maana yake, na akavuka. Nimesoma taarifa za namna hii maisha yangu yote. Zinaanza na elimu kwa jamii, zinafuata warsha, halafu chai na vitafunio, halafu picha ya pamoja, na mwisho wa picha hiyo hakuna mti nyuma ya watu. Kile ni kitalu chenye jina la mama yangu. Sikulitoa jina lake lije kupambwa na moshi.

Mvizieni. Atarudi, maana aliyefyeka chumba hakufyeka kwa matembezi. Akirudi, mkamateni, mumpeleke kunakohusika. Asipewe onyo, wala asisikilizwe hadithi zake za umaskini. Kila mwenye panga ana hadithi. Nikisikia mmemwachia kwa huruma, nitaandika, na mimi nikiandika huwa nasomwa.

Mlezi wa kitalu cha juu ya kijito


Mjini, 6 Juni

Kimya,

Kuna mtu amekata chumba katika msitu wa Mama. Nimeiona picha mwenyewe: doa la kahawia, na uzi wa moshi. Nimekaa na lensi ya kusomea nikilitazama doa hilo mpaka macho yakatoka maji.

Wewe unaishi chini ya mlima huo, kila anayepanda anapita mbele ya mlango wako. Usiniambie hujui. Ni nani? Nataka jina. Na kama unamficha kwa sababu ni jirani au mlisoma darasa moja, nitakuhesabu pamoja naye. Nimeshawaandikia shirika wamshike.

Nijibu haraka, safari hii usinipe "ndiyo, Dada."

Kiberiti


Nyumbani, 1 Julai

Wifi yangu,

Shikamoo ya umri wako. Ya ulichokifanya sikupi.

Naandika mimi kwa sababu mdogo wako hayupo. Uliomba jina? Jina unalo, ulilibeba mgongoni ukiwa msichana. Walimkuta palepale kwenye hilo doa lako, ameinama, panga pembeni, anachoma majani aliyoyafyeka. Walikuwa wamejificha wakimngoja. Askari mmoja, kijana mwenye haya, aliniambia: "Mama, tusingemfanya kitu, ni mtu tunayemfahamu, lakini mfadhili mwenyewe ameandika asisikilizwe." Akanionyesha barua yako. Nikaijua kabla sijafika chini. Katika dunia hii ni nani mwingine anayeandika "chai na vitafunio" huku anapeleka mtu mahabusu?

Sasa sikiliza, maana mimi si wa ukoo wenu na sikuogopi.

Mama hayupo nyuma ya nyumba. Hajawahi kuwapo. Kabla hajafa alituambia kwa kinywa chake: "Mzee wenu nilimpenda, lakini alikoroma ndoa nzima. Msinilaze karibu naye tena. Nipelekeni kwa nyuki wangu." Tukacheka, naye akacheka, halafu akasema si utani. Tukampeleka juu ya kijito, chini ya mizinga yake. Wewe siku ile ulipiga simu kwa dereva wa zahanati, ukaamuru alazwe ubavuni mwa Baba, ukaanza na kuhutubia kuhusu heshima ya ndoa. Mume wangu alishika simu kwa mikono miwili. Akasema, "Ndiyo, Dada." Tukakata simu, tukapanda mlima.

Ulitaka afanye nini? Katika ukoo huu ni nani amewahi kukuambia hapana akafika mwisho wa sentensi?

Hilo doa la kahawia ni kaburi la mama yako. Anapanda kulifyeka kila mvua zikiisha, kwa sababu pale mimea hailali, ukiliacha msimu mmoja hulioni tena. Ulipoleta habari ya kitalu nilimwambia, mwambie dada yako ukweli. Akasema, "Amefurahi mno. Nitapita pembeni." Akapita pembeni, mpaka ukamwekea mtego.

Sasa kaa na lensi yako.

Wifi yako


Mjini, 8 Julai

Kwa Afisa Uhusiano,

Mtu mliyemkamata ni mdogo wangu. Doa mliloliona ni kaburi la mama yangu, yuleyule ambaye jina lake mmelichonga kwenye kibao chenu. Moshi ni wa majani. Hakuna mti uliokatwa.

Barua yangu ya tarehe 5 Juni naifuta, yote, pamoja na mkato na nukta zake. Mwachieni. Mumrudishie panga lake. Mumpe ruhusa ya kudumu ya kwenda kwenye kaburi na kwenye mizinga, ambayo ilikuwapo kabla ya shirika lenu, kabla ya nguzo zenu na kabla ya huo ufadhili wangu. Mkishindwa, najitoa, na mtasoma sababu zangu mahali ambapo hamtapenda kuzisoma.

Nipo tayari kuja ofisini leo.

Mlezi, na dada yake


Ofisi ya Walezi wa Msitu, 19 Julai

Mpendwa Mlezi,

Pokea salamu za kijani!

Tunakushukuru kwa kutuandikia tena. Hatua tuliyochukua ilitokana na msimamo wako thabiti, ambao tuliusoma kwa sauti katika kikao cha wafanyakazi kama mfano wa kuigwa.

Kuhusu ombi lako: mhusika ataachiwa kwa onyo, lakini jina lake litabaki kwenye kumbukumbu za wavunja kanuni na hataruhusiwa kuvuka nguzo. Tunaomba utuelewe. Watu wengi wanaokamatwa hudai kuwa na undugu na wafadhili, na wengi zaidi hudai kuwa na makaburi.

Endapo utajitoa, kitalu kitabaki kimefungwa kama kilivyo na kitapewa mlezi mwingine. Tayari kuna kampuni moja ya mafuta inayosubiri. Ukiendelea, unabaki na haki ya ziara moja kila mwaka ukiongozwa na askari, bila zana za kukatia.

Na sasa habari njema! Kama shukrani kwa ufuatiliaji wako, timu yetu imeshapanda miche ya asili kwenye eneo lote lililofyekwa. Kila mche una kibati chake na umeingizwa kwenye hesabu ya hewa ukaa ya kitalu chako.

Wako katika uhifadhi,
Afisa Uhusiano wa Walezi


Nyumbani, 2 Agosti

Dada, shikamoo.

Nimetoka. Mgongo unauma kidogo kwa sababu ya sakafu, mengine ni mazima. Panga hawakurudisha.

Wifi yako amenieleza alichokuandikia. Sikumtuma, lakini hakuna alichoongeza.

Askari amenionyesha na barua yako kwa shirika, ile ya kutaka niachiwe. Umewatukana vizuri. Ile ya kwanza pia uliandika vizuri, askari aliijua kwa moyo. Ndilo linalonikera, Dada. Zote mbili zina sauti ileile. Unapotaka nifungwe na unapotaka nifunguliwe, humwulizi mtu. Ulichagua kitalu kwa kidole. Ungeniandikia kabla: Kimya, nataka kumfanyia Mama jambo, unaonaje? Ningekwambia yote, hata la kukoroma.

Najua utasema nami nilikuwa na mdomo. Ni kweli, ninao. Ila kwako huwa unafika umechelewa, wewe umeshamaliza.

Msitu siuchukii. Malori ya magogo yameacha kupita tangu nguzo zichimbiwe, na kijito kimeanza kusikika tena mpaka nyumbani. Hilo sitalikana ili nikukomoe. Lakini nasimama kwenye nguzo kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yao, na kibao kinaniambia jina la mama yangu.

Wamepanda miti juu yake. Nimeiona kwa mbali, imepandwa kwa kamba, imenyooka. Mawe ya kaburi wamefunika kwa udongo. Mvua zikija sitajua tena kichwa kiko wapi, na wewe hukuwahi kujua.

Usiwaandikie tena kwa niaba yangu bila kuniuliza.

Mdogo wako


Mjini, 14 Agosti

Mdogo wangu,

Nimeandika kurasa kadhaa za kujitetea nikazichana. Baadhi zilikuwa nzuri sana.

Nakuuliza. Nijitoe, kampuni ya mafuta iwe mlezi wa Mama? Au nibaki, niitumie hiyo ziara yao? Hawatakuruhusu uvuke, nimeshawapigia na kuwapandia ofisini, nikapewa maji ya chupa na kijitabu. Mimi naweza kuvuka lakini sijui njia. Wewe unajua njia na huwezi kuvuka. Sioni pa kupitia, na ni mara yangu ya kwanza kukuandikia sentensi hiyo.

Unaonaje?

Dada yako


Nyumbani, 29 Agosti

Dada, shikamoo.

Usijitoe.

Njoo kabla ya mvua. Vaa viatu vya maana, siyo vile vya kwenye semina. Mengine niachie mimi.

Mdogo wako


Mjini, 30 Septemba

Kwa Afisa Uhusiano,

Mmeniandikia kuuliza kama niliifurahia ziara yangu na kama ningependa kushiriki uzoefu wangu na walezi wengine. Ningependa. Washirikisheni neno kwa neno.

Nilifika kwenye nguzo zenu pamoja na mdogo wangu. Askari wenu alimtazama, akatazama chini, akamwambia, "Samahani, mzee, wewe ishia hapa." Mdogo wangu hakubishana. Akaegemea nguzo, akakunja mikono. Nami niliyetimuliwa kwenye magazeti mangapi sijui kwa sababu ya ubishi nikafungua mdomo. Akaniambia, "Dada, ingia kwanza."

Nikaingia. Mbele yangu palikuwa na miche yenu, mistari kwa mistari, yote urefu mmoja, yote na vibati, kama wanafunzi kwenye gwaride. Sikujua mama yangu yuko chini ya upi. Nilimwuliza askari, hakujua. Nilisimama pale, mfadhili, na cheti changu kwenye mkoba, natafuta mama kwa namba.

Ndipo nikasikia sauti kutoka kwenye nguzo. Ndugu yangu huyu tulimpa jina la Kimya kwa sababu tangu mtoto hapazi sauti. Alipaza mpaka ndege wakaruka.

"Dada! Unaona nini?"

"Miche!"

"Miche iache! Juu! Unaona mti wenye gome jeupe?"

"Naona!"

"Uupe mgongo! Shuka mpaka usikie kijito mkono wa kulia!"

"Kulia au kushoto?"

"Nimesema kulia! Sikiliza kwanza, halafu utembee!"

"Ndiyo!"

"Umefika kwenye mzinga uliopasuka?"

"Nimefika!"

"Rudi nyuma kidogo. Kidogo, siyo safari! Hapo miguuni kwako. Papasa."

Nikapiga magoti, nikapapasa chini ya udongo wenu. Jiwe. Nikapapasa. Jingine. Nikayafuata kwa vidole mpaka nikajua urefu wake, na nikajua mche wenu mmoja umesimama palipo kifua chake. Nilitaka kuung'oa. Askari, ambaye sina ugomvi naye, aliniambia kwa upole kwamba umeshaingizwa kwenye hesabu na kuung'oa ni kosa. Niliushika shina, mwembamba kama kalamu. Nikapaza sauti: "Kimya! Wamempandia mti kifuani! Niung'oe?"

Akanijibu kwa swali.

"Aina gani?"

Nikamweleza majani. Akacheka, nikamsikia akicheka kutoka kule.

"Huo una maua wanayopenda nyuki," akasema. "Uache. Ile ya pembeni ipinde, ifyeke kwa mikono, waje wanishitaki mimi. Huo uache."

"Ndiyo," nikamwambia. "Ndiyo, mdogo wangu."

Nikafanya hivyo, mbele ya askari wenu, ambaye aligeuka akaangalia kijito.

Nimeridhika? Hapana. Mnafunga msitu dhidi ya watu waliowafanya muukute umesimama, na mnafanya hivyo kwa pesa na kwa hasira za watu kama mimi. Nami nawaandikia haya nikijua kwamba malori hayapiti tena, jambo linalonikosesha usingizi kuliko ujinga wenu. Sijitoi. Kiti changu hamtampa mtu wa mafuta. Nitakuja mwakani na miaka yote nitakayokuwa na magoti, na kila mara ndugu yangu atasimama kwenye nguzo yenu na kunielekeza kwa sauti, mpaka ninyi wenyewe mchoke kumsikia mkamwambia aingie.

Barua hii ameisoma yeye kwanza. Ametoa aya mbili. Zilikuwa nzuri sana.

Mlezi wa kitalu cha juu ya kijito,
binti wa anayelala humo